Ekzosi ya gari kuukuu: Usinunue ngurumo ukapoteza hewa safi

WAPENZI wa magari ya kasi ya zamani katika Changamwe, Kisauni na Likoni wanaijua vyema ngurumo ya Subaru Impreza ya turbo. Mapenzi hayo yana asili yake. Mwaka wa 1997, Colin McRae alishinda Safari Rally akiendesha Impreza, naye Richard Burns akapata ushindi kwa gari la aina hiyo hiyo mwaka wa 2000.

Magari ya kizazi hicho yangali barabarani, lakini mengi yamechoka. Manifodi ya ekzosi, yaani mabomba yanayopokea moshi unapotoka tu kwenye injini, hupasuka kwa joto au huliwa na kutu. Hapo mwenye gari hulazimika kuamua: arejeshe manifodi ya kampuni iliyounda gari, au anunue ya kampuni nyingine, ambayo mafundi huiita hedazi?

Uamuzi huo hauhusu kasi na sauti pekee. Unagusa sheria, uhai wa injini na pumzi ya walio ndani ya gari. Aidha, gari la namna hiyo likiharibika si rahisi kupata jingine kutoka ng'ambo, kwa kuwa kigezo cha KS 1515 cha Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, hakiruhusu kuingizwa nchini magari yaliyotumika ambayo umri wake umezidi miaka minane.

Sheria inatazama moshi

Kigezo hicho hicho, kinachoongoza ukaguzi wa magari, kinagusa pia moshi unaotoka kwenye ekzosi. Mwaka wa 2014 zilitolewa Kanuni za Ubora wa Hewa chini ya sheria ya mazingira ya 1999, na magari yakawekwa miongoni mwa vyanzo vya uchafuzi vinavyopaswa kudhibitiwa. Kabla ya hapo, mwaka wa 2009, zilikuwa zimetolewa kanuni za kudhibiti kelele. Kwa hivyo, anayebadilisha ekzosi ana maswali mawili ya kujibu: gari litatoa moshi wa namna gani, na litapiga kelele kiasi gani?

Kifaa kinachobeba mzigo mkubwa wa swali la kwanza ni kataliti. Ndani yake mna vijitundu vingi vilivyopakwa madini ya thamani kama vile platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi unapopita humo, gesi ya kaboni monoksidi, mabaki ya petroli na oksidi za naitrojeni hugeuzwa kuwa kaboni dioksidi, mvuke wa maji na naitrojeni. Kataliti haianzi kazi sawasawa hadi ipate joto la kiasi cha nyuzi 300 za Selsiasi. Isitoshe, huhitaji injini ichome takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli.

Wapo mafundi ambao bado hushauri kataliti itolewe kwa madai kwamba petroli ya hapa huiziba. Ushauri huo ulikuwa na msingi zamani, wakati petroli ilipotiwa risasi, kwani risasi huyafunika madini hayo yasiweze kufanya kazi. Lakini petroli yenye risasi iliondolewa nchini kuanzia Januari 2006. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe, kilichoanza kazi mwaka wa 1963, kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka wa 2013. Mwaka wa 2015, kiwango cha salfa katika dizeli kiliwekewa kikomo cha sehemu 50 kwa kila milioni. Sababu ile ya zamani haipo tena.

Kagua mahali pa kataliti

Jambo la kwanza kwa mnunuzi, basi, ni kujua kataliti ya gari lake imekaa wapi. Katika Impreza za turbo, hedazi huwa kati ya injini na turbo, na kataliti kuu huwa baada ya turbo. Hivyo hedazi inaweza kubadilishwa bila kataliti kuguswa. Katika magari yasiyo na turbo, kataliti mara nyingi huwa karibu sana na manifodi, na katika baadhi ya magari ya Japani imeungwa na manifodi yenyewe. Anayenunua hedazi tupu kwa gari la aina hii anaondoa kataliti, hata kama muuzaji hakumwambia hivyo.

Jambo la pili ni sensa ya oksijeni. Sensa hiyo huiarifu kompyuta ya injini kama mchanganyiko wa hewa na petroli umezidi au umepungua. Hedazi inayofaa huwa na tundu la sensa mahali pale pale palipokuwa awali. Tundu likisogezwa mbali, sensa huchelewa kupata joto. Pakiwa na ufa mbele ya sensa, hewa ya nje huvutwa ndani, kompyuta hudhani petroli imepungua na kuongeza nyingine. Matokeo yake ni mafuta kwisha haraka, kaboni monoksidi kuongezeka, na kataliti kuungua polepole.

Jambo la tatu ni ushahidi. Katika jimbo la California, Marekani, hedazi haihalalishwi kwa maneno ya muuzaji. Bodi ya hewa ya jimbo hilo hutoa nambari ya kibali kwa kifaa kilichothibitishwa kuwa hakiongezi uchafuzi, na nambari hiyo huandamana na orodha ya magari na miaka inayohusika. Nambari hiyo si kibali cha Kenya. Hata hivyo, inamwonyesha mnunuzi wa Mombasa kwamba kifaa kilipimwa, mradi gari lake limo katika orodha hiyo.

Chumvi ya bahari na sauti

Hewa ya Pwani ina chumvi, na chuma cha kawaida hakiihimili kwa muda mrefu. Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304 kina takriban asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 8 ya nikeli, nacho huvutwa na sumaku kwa udhaifu sana. Daraja la 409 huvutwa na sumaku, na hupata kutu ya juu juu. Lakini 304 hutanuka zaidi kwa joto, hivyo mabomba membamba yaliyochomelewa vibaya hupasuka. Bapa la kuungia kwenye injini liwe nene na lililonyooka, na gasketi iwe mpya. Kitambaa cha kuzuia joto nacho huhifadhi unyevu na kuharakisha kutu.

Kuhusu sauti, ngurumo ya Impreza hutokana na mabomba ya hedazi kutolingana urefu, hivyo mapigo ya moshi hufika kwenye turbo kwa vipindi visivyo sawa. Mabomba yaliyolingana huituliza ngurumo hiyo, na Subaru yenyewe iliyatumia katika Legacy za turbo zilizoanza kuuzwa Japani mwaka wa 2003. Kwa hivyo, anayependa ngurumo hahitaji kung'oa silensa wala kataliti. Ataipata kwa manifodi ya awali iliyo nzima.

Baada ya kufunga, kazi haijaisha. Injini ikiwashwa ingali baridi, fundi asikilize mlio wa kugonga kwenye maungio, kisha moshi upimwe kwa mashine. Mpasuko mdogo chini ya boneti unaweza kuingiza kaboni monoksidi ndani ya gari kupitia matundu ya hewa. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Dereva anayesubiri zamu katika foleni ya feri ya Likoni, injini ikinguruma na vioo vikiwa vimefungwa, hawezi kujua anachokivuta.

Kwa mwenye fedha kidogo, manifodi ya awali iliyo nzima ni bora kuliko hedazi mpya isiyojulikana ilikotoka. Hedazi pekee, pasipo marekebisho mengine ya injini, huongeza nguvu kidogo tu. Rahisi huvunja upishi, na katika ekzosi kinachovunjika kwanza ni kile asichokiona mnunuzi.