Jeshi Likipunguzwa, Nani Hufungiwa Mlango?

Vita vikiisha, watawala huanza kuhesabu gharama. Askari hupunguzwa, kambi hufungwa, na fedha zilizokuwa zikiliwa na mizinga hutafutiwa kazi nyingine. Sisi wafanyakazi hatuna sababu ya kulilia jambo hilo. Lakini liko fungu moja dogo ambalo hukatwa upesi, na hasara yake haionekani ila baada ya miaka kumi. Nalo ni fedha za kuwasomesha vijana watakaokuwa maofisa. Mfano ulio wazi twaupata Marekani.

Huko maofisa hawatoki wote katika chuo cha kijeshi cha West Point. Wengi zaidi hutoka katika vyuo vikuu vya kawaida, kwa mpango uitwao ROTC, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1916. Kijana husomea uhandisi au ualimu kama wenzake, na pamoja na hayo hufunzwa gwaride, kusoma ramani na kuongoza watu. Tangu sheria ya mwaka 1964 wengi wao wamelipiwa karo na serikali, nao hulipa deni hilo kwa miaka ya utumishi. Kwa mtoto wa mchimba makaa ya mawe, karo hiyo ndiyo chuo chenyewe.

Colin Powell alipitia mlango huo hata kabla ya karo kulipwa. Wazazi wake walitoka Jamaika. Mama alikuwa mshona nguo wa ujira, na baba karani wa kupokea na kupeleka mizigo ya nguo. Alisoma City College ya New York, ambako siku zile hapakuwa na ada, akajiunga na ROTC, akatoka luteni mwaka 1958. Mwaka 1989 akawa Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi. Naye, ajabu ya dunia, ndiye aliyesimamia mpango wa kupunguza majeshi Vita Baridi vilipokwisha! (Kikosi cha ROTC cha chuo chake kilikuwa kimefungwa tangu 1972, kilirudishwa mwaka 2013.)

Mwaka 1987 jeshi la nchi kavu la Marekani lilikuwa na askari wa kudumu wapatao 780,000. Mwaka 1999 walibaki 480,000 hivi. Makumi ya vikosi vya ROTC vilifungwa, na maluteni wapya walioingizwa walikuwa pungufu kuliko hata jeshi dogo lilivyohitaji. Sababu yake si ngumu kuielewa. Kumwachisha kazi meja mwenye mke na watoto huleta kelele hata bungeni. Kumwambia kijana wa miaka kumi na minane kwamba mwaka huu hakuna nafasi hakuleti kelele yoyote. Hurudi nyumbani akatafuta kazi dukani.

Lakini meja hatengenezwi kwa chini ya miaka kumi hivi tangu apate uluteni. Vita vya Iraki vilipopamba moto, wale ambao hawakuingizwa miaka ya 1990 walitafutwa wasionekane. Ilipofika mwaka 2005, makapteni zaidi ya 95 katika kila 100 waliofikia zamu walipandishwa kuwa meja, hali kanuni ilikusudia 80 tu. Mwaka 2007 jeshi likawapa makapteni hadi dola 35,000 kila mmoja ili wasiondoke. Kwa fedha hizo vijana wangapi wangalisomeshwa!

Tena habari ya kupunguza huenea vijijini. Wazazi husikia kwamba jeshi halitaki watu, na mwana hushauriwa kutazama kwingine. Kumrudisha ni kazi. Mwaka 1999, uchumi ukiwa mzuri na kazi za uraiani zikiwa tele, jeshi hilo lilipungukiwa na waandikishwa zaidi ya 6,000.

Funzo halikukaa. Oktoba 2013, jeshi likipunguzwa tena baada ya Iraki, ilitangazwa kwamba vikosi 13 vya ROTC vitafungwa, vitatu kati yake jimboni Tennessee. Vyuo vilipinga, na wabunge wa majimbo hayo wakasimama nao. Mwezi uliofuata amri ikatenguliwa, vikosi vikapewa miaka miwili ya kujaribiwa. Safari hii vijana walipata wa kuwasemea.