Kikombe cha uji kilichoturudisha kambini

Mwezi huu tuongee juu ya vipimo vya tumbo, maana jambo lenyewe limenikuta.

Mama yangu mdogo aliumwa chembe ya moyo muda mrefu. Akapewa rufaa akapimwe kwa mpira wenye kamera, ule unaopita mdomoni mpaka tumboni. Kibali kikatoka, gari likapatikana. Alfajiri nikaona safari ni ndefu, nikampa kikombe cha uji asije akaishiwa nguvu njiani. Kufika tu, muuguzi anauliza: "Mama, umekula?" Tukarudi hivyo hivyo. Tulingoja wiki tano kupata nafasi nyingine, na yeye usiku halali. Karatasi ya maelekezo ilikuwa mfukoni mwangu, kwa Kiingereza. Mimi mwalimu, sikuisoma.

Chakula kikiwepo tumboni, kamera haioni vizuri, kidonda kinajificha. Tena mgonjwa akitapika, chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu. Kwa hiyo asile kwa masaa 6 au zaidi kabla ya kipimo. Wengi huambiwa waache tangu usiku. Uji ni chakula, chai ya maziwa pia! Maji matupu mara nyingi huruhusiwa mpaka yabaki masaa 2, ila fuata ulivyoambiwa na hospitali.

Watu hapa husema mpira unachana koo. Mama mdogo alipuliziwa dawa ya ganzi kooni, akalala ubavu, akawa anapumua kwa pua. Kichefuchefu kilikuwepo, lakini zilikuwa dakika chache. Baada ya hapo usile wala kunywa mpaka ganzi iishe, utapaliwa.

Altrasaundi ya ini na nyongo nayo hutaka tumbo tupu, kwa sababu ukila kifuko cha nyongo kinajikunja. Kwenye eksirei ya kunywa dawa nyeupe, baadaye kunywa maji mengi, na choo kikiwa cheupe usishtuke. Anayepimwa utumbo mpana hupewa dawa ya kuharisha siku moja kabla. Huyo majirani wamwachie choo usiku ule, jamani. Mwenye kisukari, mwenye mimba na anayemeza dawa za kila siku aseme mapema, siyo akiwa mlangoni.

Mara ya pili walikiona kidonda. Sasa anameza dawa. Wenye karatasi za rufaa, nileteeni darasani baada ya saa tisa mchana, tusome pamoja.