Julai 1938: Ng'ombe Walirudi, Ardhi Haikurudi

Kwamba udongo wa Ukambani ulikuwa ukiisha kabla ya Vita Vikuu vya Pili, hilo halina ubishi. Nzige walivamia mwishoni mwa miaka ya 1920, ukame ukafuata, na katikati ya miaka ya 1930 miteremko mingi ya wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilifika hadi Mukuyuni na vilima vya Kilungu, ilikuwa imebaki mwamba na makorongo. Colin Maher, afisa wa serikali wa kuhifadhi udongo, aliyaeleza hayo katika ripoti yake ya 1937 kwa maneno makali. Alichokiona kilikuwapo.

Ubishi ni juu ya chanzo. Serikali ilisema ng'ombe ni wengi mno. Wakamba walijibu kwamba malisho ni machache mno, na walijua yalikokwenda: vilima vya Mua vilikuwa mashamba ya walowezi, na uwanda wa Yatta ulihesabiwa kuwa mali ya serikali. Huko chini Makueni nyika ilikuwa tupu, lakini mbung'o ndio waliokuwa wenyeji wake. Mifugo iliyozoea kuhama ilifungiwa mahali pamoja, kisha mwenye mifugo akaitwa mharibifu.

Dawa iliyoletwa mwaka 1938 ilikuwa mnada. Ng'ombe walioruhusiwa kubaki walipigwa chapa ya moto. Wasio na chapa wakauzwa kwa nguvu, kwa bei ya kutupa. Mwaka huohuo kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa kinafunguliwa Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe wengi na wa bei rahisi. Sidhani Maher aliandika ili kukilisha kiwanda. Lakini mtu aliyemwona fahali wake wa mahari akiswagwa kuelekea huko angewezaje kuamini kwamba shabaha ni nyasi?

Mwishoni mwa Julai, Muindi Mbingu wa Ngelani aliwaongoza watu zaidi ya elfu moja, wanawake na watoto wakiwemo, kwa miguu hadi Nairobi. Walipiga kambi wiki kadhaa wakitaka kumwona Gavana Brooke-Popham. Wengine walikula kithitu, kiapo cha Kikamba, kwamba hawatauza.

Dunia nzima mwezi huo ilikuwa ikibishana nani akae wapi. Kule Évian, Ufaransa, wajumbe wa nchi 32 walijadili Wayahudi waliokuwa wakifukuzwa na Hitler, na karibu kila mmoja akaeleza kwa nini kwake hapana nafasi. Mjumbe wa Uingereza, Lord Winterton, alitaja Kenya kuwa mahali ambapo huenda wakimbizi wachache wakapewa makazi. Wakimbizi hao walistahili hifadhi. Hilo si la kuuliza. Ila ni serikali ileile iliyowaambia wafugaji wa Machakos kwamba ardhi ya kuwaongezea haipo.

Tusiseme Wakamba walishinda kwa hoja tu. Askari wengi wa King's African Rifles na wa polisi walitoka Ukambani, na vita vilinukia. Kabla ya mwaka kwisha serikali ilikuwa imeacha kuuza mifugo kwa lazima. Mbingu alikuwa amekwishahamishiwa Lamu, akakaa huko mpaka baada ya vita.

Vilima vya Mua havikurudishwa, na Amri ya Nyanda za Juu ya 1939 ikazidi kukaza mipaka ya ardhi ya wazungu. Kwa hiyo ng'ombe walirudi kwenye miteremko ileile, na mmomonyoko ukaendelea. Kilichokuja kuupunguza hakikuwa mnada. Ni mitaro ya fanya juu, iliyochimbwa sana kuanzia miaka ya 1950, aghalabu na vikundi vya kazi ya pamoja, mwethya, vyenye wanawake wengi: unachimba mtaro kufuata kontua, udongo unautupa upande wa juu, unapanda nyasi ukingoni, na baada ya misimu kadhaa shamba linajisawazisha lenyewe. Miaka ya 1990 watafiti waliorudi Machakos walikuta watu wameongezeka mara kadhaa na mmomonyoko umepungua, kinyume kabisa cha hesabu za 1937.