Simama Kama Askari!

Akina mama wengi hudhani kuwatembeza watoto mjini ni lazima kumalize fedha za mwezi. Sivyo. Sisi akina mama wa Tabata tunao mchezo ambao gharama yake haizidi nauli ya daladala na chupa ya maji ya kunywa. Ni mchezo wa kuiga sanamu mashuhuri. Mmoja husimama kama sanamu ilivyosimama, wengine humkagua kama amepatia, na kicheko hakikosekani.

Anzeni na Askari

Sanamu ya Askari iko katikati ya mji wa Dar es Salaam, kwenye mzunguko wa Barabara ya Samora. Kwa kuwa magari huizunguka, igeni mkiwa pembeni, wala msivuke na watoto wadogo ili mpate picha. Itazameni vizuri kwanza: bunduki ameishika kwa mikono miwili, na singe imeelekea bandarini. Mama mmoja wa kundi letu alitumia mwavuli kuwa bunduki. Kanga ikamlegea kiunoni! Ikambidi achague kati ya vita na heshima. Akachagua kanga, bunduki ikaanguka chini.

Baada ya kucheka, watoto watauliza, “Huyu ni nani?” Ni vema mama uwe na jibu. Wajerumani walikuwa wamesimamisha mjini sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa. Mwaka 1927 akasimamishwa Askari huyu wa shaba, kwa ukumbusho wa Waafrika waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza, pamoja na wapagazi.

Wapagazi hao ndio walioacha jina la Kariakoo, tunakonunua mchele na vitenge. Jina hilo lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo. Walibeba chakula na risasi kwa miguu, wakafa kwa maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa. Wengi hawana kaburi linalojulikana. Kila mmoja alikuwa na mama, na wengi waliacha wake waliobaki kulima na kulea peke yao.

Mtoto aige mpagazi pia

Sanamu ya Nairobi ya ukumbusho huohuo ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Ya kwetu ina askari peke yake. Kwa hiyo, mkirudi nyumbani, mwambie mwanao aige mpagazi: ndoo ya maji kichwani, shingo imenyooka, azunguke uwanja bila kupumzika. Wa kwetu walianza kwa mbwembwe. Mzunguko wa tatu ulipofika, mmoja akauliza wapagazi walikuwa wakitua saa ngapi. Swali hilo lilitupa mazungumzo ya jioni nzima.

Siku za mvua

Mvua ikinyesha, tumieni picha za vitabuni. Sanamu ya Uhuru ya New York, ya mwaka 1886, huinua mwenge kwa mkono wa kulia; mwiko wa ugali unatosha. Mwanamume anayewaza, kazi ya Mfaransa Auguste Rodin, huonekana rahisi mpaka ujaribu. Kiwiko cha kulia hukaa juu ya paja la kushoto! Baba akitoka kazini, mpeni zamu yake.

Pasipofaa kuigwa

Mkifika Zanzibar, nendeni Mkunazini, kwenye Kanisa Kuu la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Hapo pana sanamu za watu watano ndani ya shimo, minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs wa Sweden ya mwaka 1998. Hapo msiige wala msipige picha za mzaha. Mweleze mtoto sababu kabla hamjaingia, naye ataelewa. Mtoto aliyekwisha kuona uzito wa ndoo ya mpagazi hahitaji kukaripiwa ili anyamaze.