Durban: Jiji la miwa na bandari lililompa Mnyama tiketi ya fainali

APRILI 27, 2025 mashabiki wa Simba walikaa roho juu kwa dakika 90. Mnyama alikuwa ugenini Afrika Kusini, kibindoni ana bao moja tu, lile la Jean Charles Ahoua alilofunga wiki moja nyuma pale New Amaan, Zanzibar. Filimbi ya mwisho ilipolia ubao ulisoma 0-0, na Simba ikatinga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Mpinzani alikuwa Stellenbosch, timu ya upande wa Cape Town. Lakini kipute hakikupigwa huko. Kilipigwa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwao, Uwanja wa Moses Mabhida, Durban.

Wengi walioangalia kwenye runinga waliishia kulishangaa lile tao jeupe lililopita juu ya uwanja, lenye kimo cha mita 106. Ila nyuma ya tao hilo kuna jiji ambalo maisha yake na soka ni chanda na pete. Na lina undugu na Zanzibar ambao wengi hawaujui.

MIWA NA BANDARI

Durban ipo ufukweni mwa Bahari ya Hindi, bahari ileile ya Dar na Mombasa. Mkondo wa maji ya moto unaoshuka kutoka upande wa Msumbiji hufanya bahari isiwe ya baridi hata kipupwe kikiingia. Desemba na Januari ni joto na jasho, mtu wa Kariakoo hawezi kujiona mgeni.

Wazulu wanaiita eThekwini, jina linalotokana na neno lao la ghuba. Wafanyabiashara wa Kiingereza walipiga kambi hapo mwaka 1824, na 1835 wakaupa mji jina la gavana wao, Benjamin D'Urban.

Kilichoukuza ni miwa na bandari. Mashamba ya miwa yalitaka watu, na Novemba 1860 meli ya Truro ikashusha vibarua wa kwanza wa mkataba kutoka India. Hadi mwaka 1911 walikuwa wamefika zaidi ya 150,000. Ndiyo maana Durban leo ina moja ya jamii kubwa za Wahindi nje ya India.

WAZANZIBARI WA BLUFF

Kuanzia mwaka 1873 likaja kundi jingine. Manowari za Uingereza zilikuwa zinakamata majahazi ya watumwa baharini, na baadhi ya waliokombolewa wakapelekwa Durban kupitia Zanzibar. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, lakini mjini waliitwa Wazanzibari, na jina likaganda mpaka leo.

Waislamu hao waliishi eneo la Bluff, jirani na bandari, kwa karibu miaka 90. Kisha serikali ya ubaguzi ikashindwa iwaweke fungu gani. Mwishowe iliwaandika kuwa ni watu wa Asia, ikawahamishia Chatsworth, mtaa uliotengwa kwa Wahindi. Waafrika wa Cato Manor nao walivunjiwa nyumba na kupelekwa KwaMashu na Umlazi.

SOKA LA MAFUNGU

Mpira nao ulikatwa vipande hivyohivyo. Wazungu na ligi yao, Wahindi yao, Waafrika yao. AmaZulu, wenyewe wanawaita Usuthu, ilianzishwa mwaka 1932 na vibarua wa Kizulu waliokuja mjini kutafuta riziki. Hata Albert Luthuli, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani ya mwaka 1960, alikuwa kiongozi wa soka la Waafrika mkoani humo.

Waliokataa mafungu walikuwa na uwanja wao, Curries Fountain, ambako timu za rangi zote zilikutana bila kusubiri ruhusa ya mtu. Fifa nayo iliisimamisha Afrika Kusini mwaka 1961, kisha ikaifukuza kabisa 1976.

Adhabu ilipoisha, Bafana Bafana ilirudi kwenye soka la kimataifa ikianzia Durban. Julai 7, 1992, Kings Park, dhidi ya Cameroon iliyokuwa imetoka kutikisa Kombe la Dunia la 1990. Doctor Khumalo akafunga penalti, mechi ikaisha 1-0.

Msimu wa 1996/97 ukaleta kubwa zaidi. Manning Rangers, timu iliyotoka kwenye jamii ya Wahindi, ikiwa chini ya kocha Gordon Igesund, ilibeba ubingwa wa kwanza kabisa wa Ligi Kuu ya PSL mbele ya vigogo wote wa Johannesburg.

TAO KUBWA, VITI VITUPU

Tatizo ni kilichofuata. Manning Rangers haipo tena, na tangu ubingwa ule hakuna timu ya Durban iliyobeba taji la ligi. Golden Arrows ya Lamontville iliwahi kuipiga Ajax Cape Town 6-0 kwenye fainali ya MTN8 mwaka 2009. AmaZulu, chini ya Benni McCarthy, ilishika nafasi ya pili 2020/21, ikaenda Ligi ya Mabingwa Afrika na kuing'oa TP Mazembe. Baada ya hapo, kimya.

Moses Mabhida ulijengwa kwa ajili ya Kombe la Dunia 2010. Hapo ndipo Carles Puyol alipoipiga Ujerumani kichwa cha nusu fainali. Siku za ligi hali huwa nyingine. Majukwaa hufurika Kaizer Chiefs au Orlando Pirates wakija, kama Simba na Yanga zinavyojaza viwanja vya mikoani, na wengi wanaoshangilia wageni ni wenyeji wa hapohapo. Arrows yenyewe imezoea viwanja vidogo vya mitaani, kama Princess Magogo wa KwaMashu.

Jiji la watu takribani milioni 4 lina bandari, fukwe na uwanja wa hadhi ya dunia. Linachokosa ni timu moja ambayo mtoto wa Umlazi na wa Chatsworth wataishangilia pamoja. Zamani sheria ndiyo iliyowazuia wasikae jukwaa moja. Siku hizi mlango uko wazi, wenye kazi ya kuwaita waingie ni AmaZulu na Arrows.