Utando wa Lami na Matengenezo ya Barabara za Kitui na Makueni

Neno lami lina maana mbili katika Kiswahili cha kila siku. Kwanza, ni masalio mazito meusi ya usafishaji wa mafuta ghafi. Pili, ni barabara yenyewe iliyotiwa masalio hayo. Utata huu si wa kamusi tu. Mkazi wa Kitui au Makueni aahidiwapo lami, hajui kama atapata tabaka nene la lami iliyochanganywa na kokoto, au utando mwembamba wa gharama nafuu.

Utando huo hutengenezwa hivi: uso wa barabara hufagiliwa, lami ya moto hunyunyizwa, kokoto humwagwa juu yake kabla haijapoa, kisha hushindiliwa. Unene wake haupiti sana ule wa kokoto yenyewe, ambao aghalabu ni milimita 10 hadi 14. Mbinu nyingine, iliyobuniwa katika bonde la Otta nchini Norway miaka ya 1960, hutumia changarawe ya ukubwa mchanganyiko, na hivyo kupunguza gharama ya kuponda na kuchekecha mawe.

Je, utando huu una kazi gani? Hauipi barabara nguvu mpya, huzuia maji. Ukambani mvua hunyesha kwa misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Maji yakipenya nyufani, msingi hulainika, malori huukandamiza, na shimo hutokea. Kwa hiyo sharti mashimo yazibwe na mitaro izibuliwe kwanza. Utando uliotandazwa juu ya msingi uliolainika hubanduka upesi. Aidha, kazi hii hufaa kufanywa wakati wa kiangazi, kwa kokoto safi, kwani kokoto yenye vumbi haishikamani na lami.

Tangu sheria ya mwaka 1993, kila anunuaye petroli au dizeli nchini Kenya huchangia hazina ya matengenezo ya barabara. Mwendesha bodaboda wa Wote ana haki, basi, ya kuuliza: ni lami ipi iliyowekwa, na itafanywa upya lini? Utando ni nafuu iwapo tu hurudiwa kabla haujachakaa. Istilahi mbili tofauti, utando wa lami na tabaka la lami, zingemwezesha kuuliza kwa uwazi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.