Mkopo wa Nyumba: Fedha Hutoka Wapi, na Humfikia Nani?

Mfanyakazi wa mshahara wa kadiri aweza kulipa kodi ya nyumba kwa miaka thelathini bila kukosa mwezi hata mmoja, na mwisho wa miaka hiyo asiwe na tofali aliitalo lake. Akiulizwa kwa nini hakununua nyumba tangu zamani, jawabu lake huwa moja: mkopo ulikuwa ghali. Yafaa basi kueleza ughali huo hutoka wapi, ni jambo gani lililofanywa nchini Kenya ili kuupunguza, na ni watu gani ambao dawa hiyo peke yake haiwafikii.

UGHALI WA MKOPO

Sehemu kubwa ya fedha ambazo benki hukopesha ni akiba za wateja wake. Mwenye akiba aweza kuja kuidai kesho, lakini nyumba hulipwa kwa miaka mingi. Benki ikitoa kwa muda mrefu fedha iliyopewa kwa muda mfupi, yajitia hatarini. Kwa hiyo hufupisha muda wa kulipa, au huongeza riba, au hufanya yote mawili.

Msomaji na atazame hesabu hii. Mtu akikopa shilingi milioni 3 kwa miaka 20, kwa riba ya asilimia 14, atalipa yapata shilingi 37,300 kila mwezi. Riba ikiwa asilimia 9, atalipa yapata shilingi 27,000. Tofauti hiyo, ikijumlishwa kwa miaka yote 20, yakaribia shilingi milioni 2 na nusu. Lakini muda nao una uzito wake: mkopo uo huo wa asilimia 9, ukitakiwa kulipwa kwa miaka 7, humdai mtu zaidi ya shilingi 48,000 kwa mwezi. Riba nafuu haimfai mtu sana ikiwa muda ni mfupi.

Serikali ilianza zamani kushughulika na jambo hili. Halmashauri ya nyumba iliundwa mwaka 1953, nayo ikawa Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1967. Kampuni ya Housing Finance ilianzishwa mwaka 1965 ili kukopesha wanunuzi. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 2020 mikopo ya nyumba katika benki zote haikufika 28,000, ilhali hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta jamaa zaidi ya milioni 12 nchini.

KAMPUNI INAYOKOPESHA WAKOPESHAJI

Ndipo ilipoundwa, mwaka 2018, kampuni ya Kenya Mortgage Refinance Company, iitwayo kwa kifupi KMRC, nayo ikapata leseni ya Benki Kuu mwaka 2020. Hazina Kuu ina sehemu ya hisa zake. Miongoni mwa wenye hisa wengine ni benki na vyama vya ushirika vya akiba na mikopo. Kampuni hii haikopeshi mwananchi moja kwa moja. Kazi yake ni kuzipa benki na vyama hivyo fedha za muda mrefu kwa riba isiyopanda wala kushuka, ili navyo viwakopeshe wanachama na wateja wao kwa riba iliyo chini ya asilimia 10. Mpango wa namna hiyo ulikuwapo tayari Tanzania, ambako kampuni kama hiyo iliundwa mwaka 2010.

Mwanzoni KMRC ilizikopesha benki kwa asilimia 5. Iliwezaje? Iliweza kwa sababu Benki ya Dunia iliikopesha Serikali dola milioni 250 kwa kazi hiyo, na Benki ya Maendeleo ya Afrika ikaongeza, kwa masharti mepesi. Lakini kampuni ilipokwenda sokoni mwaka 2022 kutafuta fedha za watu binafsi na mashirika, ilipata shilingi bilioni 1.4 kwa riba ya asilimia 12.5. Hapo msomaji ataona shida ilipo. Unafuu wa mkopo hautoki hewani. Pana mtu anayeubeba. Fedha nafuu za nje zikipungua, ama riba itapanda, ama Serikali italipa tofauti kutoka katika kodi za wananchi.

Marekani yatoa onyo katika jambo hili. Huko makampuni mawili makubwa, Fannie Mae la mwaka 1938 na Freddie Mac la mwaka 1970, yalinunua mikopo ya nyumba kutoka kwa benki, na watu wote wakaamini kwamba Serikali haitayaacha yaanguke. Septemba 2008 hasara zilipozidi, Serikali iliyaweka chini ya usimamizi wake, na Hazina ikatoa zaidi ya dola bilioni 187. Njia ya Kenya ina kinga moja: benki iliyotoa mkopo hubaki ndiyo ya kwanza kupata hasara mkopaji akishindwa, hivyo yalazimika kuchagua wakopaji kwa uangalifu.

WASIOFIKIWA

Uangalifu huo ndio huo huo unaowaacha wengi nje. Mwenye kutoa theluthi ya mapato yake kwa nyumba atahitaji kipato cha shilingi 81,000 ili aweze kulipa 27,000. Fundi wa jua kali au mama mwenye kibanda sokoni aweza kuwa na fedha hizo katika mwezi mwema, lakini hana karatasi ya mshahara ya kuionyesha benki. Mwingine ana shamba la urithi, ila hati yake bado ina jina la marehemu babu. Vyama vya ushirika vimesaidia hapa, kwa kuwa vinawajua wanachama wao na akiba zao.

Kwa walio chini zaidi ilitafutwa njia nyingine. Mwaka 2023 Bunge liliweka tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri naye alipe kiasi hicho hicho. Mahakama Kuu iliikataa Novemba 2023, sababu mojawapo ikiwa kwamba iliwalemea wenye mshahara na kuwaacha wengine. Sheria mpya ya Machi 2024 iliirudisha, ikiwagusa pia wenye mapato yasiyo ya mshahara. Mei 2025, mtaani Mukuru jijini Nairobi, nyumba 1,080 zilikabidhiwa, chumba kimoja kikiwa kwa shilingi 3,900 kwa mwezi, malipo ambayo hatimaye humfanya mpangaji kuwa mwenye nyumba. Wanaotoa tozo ni mamilioni, na watakaopata nyumba mapema ni wachache. Kwa hiyo haki katika kuzigawa ina uzito sawa na wingi wake.

KABLA YA KUTIA SAHIHI

Mwenye kutaka mkopo hana budi kuuliza mambo matatu. Je, riba ni ya kudumu, au benki yaweza kuibadili? Jumla yote itakuwa kiasi gani, pamoja na malipo ya wakili, bima na ushuru wa stempu? Na akishindwa kulipa, itakuwaje? Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yamlinda kwa sehemu: nyumba ya mume na mke haiwezi kuwekwa rehani bila idhini ya wote wawili, na kabla ya kuiuza ni lazima mkopeshaji, baada ya notisi ya kwanza, atoe nyingine ya siku 40.

Wazee husema, nyumba njema si mlango. Riba nafuu ni mlango tu. Ndani yake mna ardhi yenye hati, kipato cha kudumu na mgawanyo wa haki. Navyo visipokuwapo, mlango utafunguliwa na wengi wasiweze kuingia.